Tupime kwa Pishi Moja: Hesabu ya Faida ya Miaka 20

Ndugu Wanachama,

Tangu kumalizika msimu wa karafuu imekuwa ikizunguka katika matawi yetu karatasi moja ya kutangaza akiba ya muda mrefu. Karatasi hiyo yasema kwamba mtu akiweka shilingi 10,000,000 kwa faida ya 9 kwa mia kila mwaka, asiguse pesa wala faida yake, baada ya miaka 20 atakuta zaidi ya shilingi 56,000,000. Wanachama wengi wamefika ofisini kutuuliza kama maneno haya ni ya kweli. Baadhi yao wanazo pesa zao wenyewe za mavuno. Lakini jambo hili latuhusu sote, kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utatakiwa uamue kama akiba ya Jumuiya iwekwe kwa miaka 20, au itumiwe sasa kupanda mikarafuu mipya mahali pa ile iliyozeeka.

Jawabu letu ni hili. Karatasi haikusema uwongo, ila imesimama katikati ya njia. Kodi haikutolewa, na bei za vitu za miaka 20 ijayo hazikuangaliwa. Ukizitoa hizo mbili, kwa makisio ya kati na kati, zile shilingi 56,000,000 zitakuwa na nguvu ya kununua sawa na shilingi 17,900,000 za leo. Hizo si haba, lakini si 56,000,000.

Twaona ni wajibu wetu kueleza hatua kwa hatua tulivyofika hapo, ili kila mwanachama aweze kuifanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu au kwa simu yake, asitegemee maneno yetu wala ya mwengine.

HATUA YA KWANZA: FAIDA JUU YA FAIDA

Mwaka wa kwanza shilingi 10,000,000 kwa 9 kwa mia huleta shilingi 900,000. Mwenye pesa asipozichukua, mwaka wa pili hesabu huanza na shilingi 10,900,000, na faida huwa 981,000. Mwaka wa tatu huanza na 11,881,000, na faida hupita shilingi milioni moja. Ndivyo inavyokwenda: faida nayo huzaa faida. Mtoto wa skuli aweza kuipata kwa kuzidisha 10,000,000 mara 1.09, kisha jawabu lake mara 1.09 tena, mpaka zitimie mara 20. Mwisho atapata shilingi 56,044,000 na ushei.

Iko njia ya mkato ambayo yafaa kila mtu aijue. Gawanya 72 kwa kiwango cha faida, utapata miaka ambayo pesa huchukua mpaka ziwe mara mbili. Kwa 9 kwa mia ni miaka 8. Basi milioni 10 huwa 20 katika mwaka wa 8, na huwa 40 katika mwaka wa 16. Miaka minne iliyobaki hufikisha 56. Kwa hiyo hesabu ya karatasi ni sahihi mpaka hapa.

Lakini lipo sharti moja: kiwango kile kile cha 9 kwa mia kiendelee kwa miaka 20. Akiba za muda maalumu aghlabu huwekwa kwa miezi kadha au miaka michache, kisha hufanywa mapatano mapya kwa kiwango cha wakati huo. Tazameni hati fungani za Serikali ya Muungano za miaka 25. Zilipoanza kuuzwa mwaka 2021 zilikuwa na faida ya 15.95 kwa mia, na mwaka 2022 zilizofuata zikateremshwa zikawa 12.56. Aliyenunua kwanza anaendelea na kiwango chake, ila faida anayolipwa kila miezi sita, akitaka kuiweka tena, ataiweka kwa kiwango atakachokikuta.

HATUA YA PILI: KODI

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na huku Visiwani yatuhusu kama inavyowahusu wenzetu wa Bara. Faida ya akiba ya benki ya mtu binafsi hukatwa 10 kwa mia kabla haijafika mkononi. Katika zile shilingi 900,000 za mwaka wa kwanza huondoka 90,000 na kubaki 810,000. Maana yake ni kwamba faida yetu si 9 kwa mia, bali ni 8.1.

Mtu aweza kusema kwamba sehemu moja katika kumi si kitu. Basi na azidishe milioni 10 mara 1.081, mara 20. Atapata shilingi 47,480,000. Zimepungua zaidi ya shilingi 8,500,000. Karatasi iliahidi faida ya 46,044,000, na kilichopotea ni zaidi ya 18 katika kila mia ya faida hiyo. Imekuwaje, na kodi ni 10 kwa mia? Ni kwa sababu kodi hukatwa kila mwaka. Shilingi iliyokatwa mwaka wa kwanza imekwenda na watoto wake na wajukuu wake wa miaka 19 iliyofuata. Kodi kama hiyo ingekatwa mara moja tu, siku ya mwisho, mwenye pesa angebakiwa na zaidi ya shilingi 51,000,000. Kwa hiyo mwanachama anapoelezwa habari ya akiba yoyote asiulize tu "kodi ni kiasi gani?" Aulize pia "hukatwa lini?" Na zipo akiba ambazo faida yake sheria imeisamehe kodi. Jambo hilo laulizwa kabla ya kutia sahihi, si baada.

Gharama za usimamizi nazo huhesabiwa vivyo hivyo. Mtu akikwambia kwamba anachukua 1 tu kwa mia ya pesa zote kila mwaka, jua kwamba kwa miaka 20 atakuwa amepunguza kiasi cha 18 katika kila mia ya pesa ambazo ungezikuta mwisho.

HATUA YA TATU: BEI ZA VITU

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo kubwa kuliko zote. Pesa haziliwi. Huliwa kile zinachonunua. Kupanda kwa bei, ambako wataalamu hukuita mfumuko wa bei, hakukati shilingi hata moja katika daftari lako la benki. Hesabu ya shilingi hubaki ile ile, na mchele ndio unaopungua.

Mfano ulio karibu nasi ni shilingi yenyewe. Mwaka 1966, Tanzania ilipotoa shilingi yake, dola moja ya Marekani ilikuwa kiasi cha shilingi 7 na senti 14. Mwaka 2024 dola hiyo moja ilihitaji zaidi ya shilingi 2,300. Wala dola haikusimama mahali pamoja. Vitu ambavyo Mmarekani alivinunua kwa dola moja mwaka 1966 vilihitaji karibu dola 10 mwaka 2024. Aliyeweka noti zake katika kopo mwaka 1966 angali nazo kwa hesabu, lakini kwa kununua hana kitu.

Tuseme basi kwamba bei za vitu zitapanda kwa 5 kwa mia kila mwaka. Turudi kwenye mwaka wa kwanza wa mfano wetu:

Faida iliyotangazwa: shilingi 900,000.
Inayohitajiwa ili zile milioni 10 zinunue kama zilivyonunua mwaka jana: shilingi 500,000.
Kodi: shilingi 90,000.
Iliyobaki ambayo ni faida hasa: shilingi 310,000.

Na hizo 310,000 nazo ni shilingi za mwaka ujao, si za leo. Ukizigawa kwa 1.05 zinakuwa 295,000 na kidogo. Ndiyo kusema faida ya kweli ni 2.95 kwa mia. Kanuni ni hii: toa kodi kwanza, kisha gawanya. Chukua 1.081, igawe kwa 1.05, utapata 1.0295. Wako watu ambao hutoa tu, 8.1 kasoro 5, wakasema 3.1. Kwa mwaka mmoja tofauti ni ndogo, lakini kwa miaka 20 na milioni 10 huwapa shilingi 500,000 ambazo hazipo.

Sasa zidisha milioni 10 mara 1.0295, mara 20, au zichukue zile 47,480,000 uzigawe kwa 2.653, ambayo ndiyo bei ya kitu cha shilingi moja baada ya miaka 20 ya kupanda 5 kwa mia. Njia zote mbili zafika pamoja: shilingi 17,900,000 za leo. Na kwa ile kanuni ya 72, pesa zinazokua kwa 2.95 huwa mara mbili baada ya miaka 24, si 8.

TUSISEME NAMBARI MOJA

Mtu akituuliza: mmejuaje kuwa bei zitapanda kwa 5 kwa mia? Hakuna ajuaye isipokuwa Mwenyezi Mungu. Huko Tanzania Bara, mwaka 2012, bei zilipanda kwa wastani wa 16 kwa mia, na mwaka 2024 zilipanda kwa kiasi cha 3 tu. Hapa kwetu Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa hesabu ya bei za Zanzibar kila mwezi, na nambari zake si lazima ziwe sawa na za Bara, kwa kuwa chakula chetu kingi huvuka bahari. Tena yafaa ieleweke kwamba tukisikia mfumuko wa bei umeshuka haina maana kwamba bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba zinapanda polepole zaidi. Bei iliyokwisha kupanda katika mwaka mbaya kwa kawaida haiteremki, na mwaka mzuri unaofuata huanzia pale pale juu.

Kwa hiyo njia ya uaminifu ni kuhesabu mara kadha. Milioni 10 zile zile, kwa faida ile ile ya 9 kwa mia na kodi ile ile, baada ya miaka 20, kwa pesa za leo:

Bei zikipanda 3 kwa mia kila mwaka: shilingi 26,300,000.
Bei zikipanda 5 kwa mia: shilingi 17,900,000.
Bei zikipanda 8 kwa mia: shilingi 10,200,000.
Bei zikipanda 10 kwa mia: shilingi 7,100,000.

Mstari wa tatu ustahili kutazamwa mara mbili. Kwa 8 kwa mia, mtu amengoja miaka 20 akapata shilingi 200,000 juu ya milioni 10 zake. Sababu yake ni hii. Katika faida ya 900,000 ya mwaka wa kwanza, 800,000 zinahitajiwa kufidia bei. Faida ya kweli ni 100,000, na kodi ni 90,000. Mtoza kodi haulizi bei ya mchele. Yeye hukata katika 900,000 zote, pamoja na zile ambazo hazikuwa faida bali fidia. Hivyo kodi inayoitwa 10 kwa mia imechukua sehemu 9 katika 10 za faida iliyo faida. Na mstari wa nne ni hasara tupu, ingawa daftari la benki litaonyesha shilingi 47,480,000 na mwenyewe atafurahi.

Ama bei zenu wenyewe, hakuna azijuaye kuliko nyinyi. Twashauri kila mwanachama, kila mwisho wa msimu, aandike katika daftari bei ya kilo ya mchele, ya sukari, ya unga, ya samaki anaowanunua sana, na ujira anaowalipa wachumaji kwa pishi moja. Akina mama ndio washika mkoba wa sokoni, nao ndio wafaao kuandika. Miaka mitano ya daftari hilo itamwambia mtu habari za nyumba yake.

PESA ZA KOPONI, ZAKA NA RIBA

Wako wanachama wanaosema: ikiwa ni hivyo, afadhali tukae na pesa zetu nyumbani. Hesabu yajibu kwamba huko ni kuzidisha maradhi. Milioni 10 zilizokaa koponi miaka 20, bei zikipanda 5 kwa mia, zitanunua vitu vya shilingi 3,770,000 za leo. Na kama mwenyewe ni Muislamu atoaye zaka ya pesa hizo, 2.5 kwa mia kila mwaka, na aitoe ndani ya kopo lile lile, zitabaki zenye nguvu ya shilingi 2,270,000. Zaka si hasara. Ni haki ya wenyewe na ni usafi wa mali. Lakini ni amri inayotufundisha kwamba mali haifai kulazwa. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Sayyidna Umar aliwausia watu wafanye biashara kwa mali ya mayatima, ili zaka isije ikaimaliza.

Mwenye kupata faida ya 8.1 baada ya kodi, akatoa zaka yote ndani ya pesa hizo hizo, na bei zikapanda 5 kwa mia, baada ya miaka 20 atakuwa na nguvu ya shilingi 10,790,000 za leo. Yaani mtaji umesimama wima, na zaka imetoka miaka yote. Si utajiri, lakini ni tofauti kubwa na kopo.

Twajua kwamba wanachama wengi hawaigusi riba, na katika ukurasa huu sisi hatutoi fatwa. Hilo laulizwa kwa masheikh. Twasema tu kwamba zipo njia za mudharaba, kama zilizomo katika huduma ya Kiislamu ya Benki ya Watu wa Zanzibar, benki iliyoanzishwa mwaka 1966, na kwamba hesabu tuliyoieleza haibadiliki. Faida ya mudharaba haiahidiwi mapema. Hugawanywa kwa kadiri ya kilichopatikana. Basi yeye atumie faida iliyogawanywa hasa miaka iliyopita, atoe kinachokatwa, kisha agawe kwa kupanda kwa bei kama kawaida.

Neno moja kwa wanaopenda kula faida kila inapolipwa na kuacha mtaji. Mtaji wako wa milioni 10 utarudishwa kamili baada ya miaka 25, hapana shaka. Lakini bei zikipanda 5 kwa mia, milioni 10 za siku hiyo zitanunua vitu vya shilingi 2,950,000 za leo. Mtu wa namna hiyo amekula mti pamoja na matunda, naye hana habari.

MIKARAFUU AU AKIBA?

Sasa tufike kwenye jambo la Mkutano. Wajumbe watawekewa mezani makaratasi mawili. Moja ni lile la akiba. Jengine ni makisio ya kupanda mikarafuu mipya, nayo yamefanywa kwa bei za leo: bei ya leo ya kilo ya karafuu, ujira wa leo wa kupalilia na kuchuma, gharama ya leo ya majamvi na magunia. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba makisio ya mikarafuu yaonyesha kila milioni 10 tutakazozitia zitafikia thamani ya milioni 22 baada ya miaka 20, gharama zote zikiisha kutolewa. Mjumbe atatazama 22 huku na 56 kule, atainua mkono wake kwa upande wa 56, na mikarafuu haitapandwa.

Hapo ndipo tunapoogopa. Ile 22 ni shilingi za leo, na ile 56 ni shilingi za miaka 20 ijayo, tena kabla ya kodi. Ni kama kupima karafuu za huyu kwa pishi na za yule kwa kibaba, kisha tukahesabu vipimo na kusema mwenye kibaba ndiye aliyechuma zaidi. Kipimo kikiwa kimoja, 22 hushindana na 17,900,000. Na hata hapo jawabu halikupatikana bado, kwa sababu bei zikipanda 3 tu kwa mia akiba hufika 26,300,000 na kuipita mikarafuu, na zikipanda 8 akiba hubaki 10,200,000.

Wala hatusemi kwamba mikarafuu ni salama. Mche hukaa miaka sita mpaka minane kabla ya kuzaa, na muda huo ni gharama tu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa sigara zake za karafuu, ilifikia kujitosheleza kwa mikarafuu yake yenyewe, na bei ya karafuu duniani ikaporomoka. Mkarafuu hauogopi mfumuko wa bei kama noti inavyoogopa, kwa kuwa hutoa karafuu, hautoi shilingi. Lakini una hofu zake nyengine. Ndiyo maana wazee hawakuweka mali yao yote mahali pamoja.

Basi tunachowaomba wajumbe ni kwamba makaratasi yote mawili yawekwe katika shilingi za leo kabla ya mkono wowote kuinuliwa. Baada ya hapo kila mmoja aamue kwa rai yake.

Na kama Mkutano utaamua kuweka akiba, tujue pia tunaweka kiasi gani kwa ajili ya nini. Banda la kuhifadhia karafuu ambalo leo ni shilingi 10,000,000, baada ya miaka 20 ya bei kupanda 5 kwa mia litakuwa shilingi 26,530,000. Kulipata kwa faida ya 9 kwa mia baada ya kodi, hapana budi tuweke leo shilingi 5,590,000. Tukihesabu kwa ile karatasi, tutaona kwamba 1,800,000 zatosha kufikia milioni 10. Lakini hata zingefika milioni 10, siku hiyo banda halitapita nusu.

MASUALI YA KUULIZA

Kila karatasi ya namna hii ikifika mkononi mwako, uliza masuali haya, na usitie sahihi mpaka yajibiwe:

1. Kiwango hiki ni cha mwaka mmoja au cha miaka yote, na nani anakidhamini?
2. Kodi ni kiasi gani, na hukatwa kila mwaka au mwisho?
3. Gharama zenu ni kiasi gani kwa mwaka?
4. Nikizitaka pesa zangu kabla ya muda, nitapoteza nini?
5. Nambari hii ya mwisho ni shilingi za leo au za siku hiyo?

Suali la tano ndilo ambalo wengi hawaliulizi. Mjibu akisita, chukua kalamu ufanye hesabu mwenyewe: toa kodi, toa gharama, kisha gawanya kwa kupanda kwa bei. Fanya kwa 3, kwa 5 na kwa 8, na uamini zaidi ile inayokutia hofu.

Makatibu wa matawi wamepelekewa hesabu hizi katika karatasi kubwa wazibandike ukutani. Mwanachama ambaye hakufahamu hatua yoyote asione haya. Na aje ofisini na daftari lake, siku yoyote ya kazi kabla ya Mkutano, tutakaa naye mpaka aielewe. Akiba hii ni jasho la wachumaji na wenye mashamba wa miaka mingi, na hatutaki igawanywe kwa nambari ambayo hatukuipima.

Wa billahi taufiki.

Katibu wa Jumuiya